Ufunguo Unazima Moto, Hauzimi Joto

Ukifika stendi ya Same mchana wa jua kali utaona jambo ambalo kwa mgeni linafanana na uzembe. Coaster iliyotoka Moshi imeegeshwa, abiria wameshashuka, konda anashusha mizigo, na injini bado inanguruma. Dereva amekaa tu, mkono uko dirishani. Hakosi kutokea abiria mmoja mjuaji, na mara nyingi ni mwanachuo mwenzetu, wa kusema: "Suka, zima basi, unachoma mafuta bure." Dereva mpole atacheka. Aliyechoka atajibu kwa kifupi: "Acha gari ipumue, kijana."

Leo tumtetee huyo dereva, kwa sababu yuko sahihi, na fizikia inayomtetea tuliisoma wenyewe sekondari. Tatizo ni kwamba tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukaiacha kwenye madaftari.

Hoja yenyewe ni hii: kuna sehemu za injini ambazo hupata joto kali zaidi baada ya ufunguo kuzungushwa kuliko gari lilipokuwa linatembea. Ufunguo unazima moto ndani ya silinda. Joto lililokwisha kuingia kwenye vyuma halisikii ufunguo. Kwa hiyo injini inapaswa kupozwa kabla haijazimwa, na kazi hiyo ni ya dereva.

Kwa nini tulizungumze jambo la gereji kwenye jarida la wanafunzi? Kwa sababu kwa wengi wetu gari la nyumbani si la starehe. Noah inayopandisha watu na tangawizi milimani ndiyo ada, ndiyo kodi ya chumba, ndiyo hela ya kula bumu linapochelewa. Gari hilo likiunguza gasketi mwezi wa kufungua chuo, kuna mtu atachelewa kujisajili. Na wengine wetu, miaka michache ijayo, tutakabidhiwa Land Cruiser za ofisi huko wilayani bila mtu wa kutuambia lolote zaidi ya "saini hapa."

Chungu cha makande

Mafuta yanapoungua ndani ya injini ya petroli, takribani theluthi moja tu ya nguvu yake inageuka kuwa mwendo. Theluthi nyingine inatoka na moshi kupitia ekzosi. Theluthi ya tatu inaingia kwenye vyuma vya injini, na hiyo ndiyo lazima iondolewe kila sekunde, la sivyo vyuma vitaharibika.

Wapo wachukuzi watatu wa joto hilo. Wa kwanza ni maji ya rejeta, ambayo pampu huyasukuma kuzunguka silinda na kurudi kwenye rejeta. Wa pili ni oili, inayopita mahali ambapo maji hayafiki: chini ya pistoni, kwenye beringi, kwenye tabo. Wa tatu ni upepo, unaoletwa na mwendo wa gari na feni.

Sasa zungusha ufunguo uzime. Moto umekatika, sawa. Lakini kwenye magari mengi pampu ya maji imesimama nayo, pampu ya oili imesimama, na feni inayoendeshwa na mkanda imesimama. Wachukuzi wote watatu wameacha kazi kwa wakati mmoja, ilhali mzigo bado upo. Manifoldi ya ekzosi, ambayo baada ya kupanda mlima huwa na joto la mamia ya nyuzi, inaanza kuligawa kwa majirani zake: silinda hedi, mipira, nyaya, mabomba ya mafuta. Maji yaliyotuama ndani ya silinda hedi yanapokea joto bila kulipeleka popote.

Aliyekulia Upareni ameliona jambo hili jikoni. Chungu cha makande ukikiepua motoni hakinyamazi papo hapo. Kinaendelea kutokota, kwa sababu udongo wa chungu umebeba joto na unaendelea kulimimina ndani. Injini ni chungu kikubwa cha chuma. Kwenye gari lenye mshale wa joto unaofanya kazi unaweza kujithibitishia: zima baada ya safari ngumu, subiri dakika tano, kisha washa umeme bila kuwasha injini. Mara nyingi utakuta mshale umepanda juu ya pale ulipouacha.

Kupanda na kushuka si sawa

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita ubavuni mwa Milima ya Pare. Ukitoka Hedaru kwenda Makanya hadi Same, mkono wa kulia una milima na mkono wa kushoto una tambarare kavu, na miezi kama Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 kirahisi. Kutoka barabara hiyo zinachepuka njia za kupanda: Makanya kwenda Suji, Same kwenda Mwembe na Mbaga, na kule Pare ya Kaskazini, Mwanga kwenda Usangi na Ugweno.

Angalia gari linalopanda linavyofanya kazi. Liko gia ya kwanza au ya pili, resi iko juu, mzigo umejaa, mwendo ni mdogo. Maana yake linazalisha joto jingi huku likipata upepo kidogo. Halafu linafika juu, linasimama mbele ya nyumba au soko, na dereva anazima hapohapo. Amezima katika dakika ambayo vyuma vina joto kuliko wakati mwingine wowote wa safari.

Mlima unaongeza jambo la pili. Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari. Ukipanda, presha ya hewa inapungua na maji yanachemka mapema zaidi, kwa kiasi cha nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95. Kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote vya Upare, kina mita 2,462. Huko yangechemka kwenye nyuzi 92 tu. Injini nyingi hufanya kazi zao za kawaida kati ya nyuzi 85 na 105. Kwa hiyo bila msaada, maji yangekuwa yanachemka kila siku.

Msaada huo ni mfuniko wa rejeta. Ile namba iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, ni presha ambayo mfuniko unaibana kabla ya kuiachia. Kwa presha hiyo maji huvumilia hadi karibu nyuzi 120 kwa usawa wa bahari. Kulanti halisi, badala ya maji matupu, huongeza nyuzi kadhaa tena na kuzuia kutu. Sasa fikiria gari lenye mfuniko uliochoka, ndani lina maji ya mtoni, limepanda Suji. Njiani mshale ulikuwa katikati, kila kitu shwari. Dereva anazima, joto la vyuma linaingia kwenye maji yaliyotuama, na baada ya dakika mbili maji yanabubujika kwenye chupa ya akiba. Watu wanashangaa: "Mbona imechemsha wakati imesimama?" Imechemka kwa sababu imesimama.

Anayeshuka ana habari tofauti. Aliyeteremka kutoka Mbaga kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, injini yake ilikuwa inazungushwa na mteremko huku ikiunguza mafuta kidogo sana au isiunguze kabisa. Maji na oili vilikuwa vinazunguka muda wote. Huyo anafika Same injini ikiwa imepoa kuliko ilivyokuwa juu, na anaweza kuzima mara moja bila shida. Joto lake liko kwenye breki, na hasa kama alishuka kwa breki badala ya gia. Breki zilizochemka nazo zinapokosa upepo humimina joto kwenye mafuta ya breki, ndiyo maana akisimama kidogo na kuondoka tena anaweza kukuta pedali imelegea. Akiona hivyo, asiondoke.

Ukoko ndani ya tabo

Sehemu inayoumia haraka kuliko zote ni tabo. Coaster, Land Cruiser na Hilux nyingi za dizeli, mabasi makubwa na malori, mengi yanayo. Tabo ni magurudumu mawili madogo kwenye ekseli moja. Moja linazungushwa na moshi unaotoka. La pili linasukuma hewa ya ziada kuingia kwenye injini. Ekseli hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika gari likiwa limebanwa. Upande wa moshi, joto kwenye dizeli linaweza kufika nyuzi 600 hadi 700, na kwenye petroli likapita 900. Katikati ya moto huo ekseli inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili hiyo ndiyo inayolainisha, na ndiyo inayopoza.

Ukizima ghafla baada ya mwendo mkali, mambo mawili yanatokea. Kwanza, ekseli inaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa huku oili haisukumwi tena. Pili, oili iliyobaki pale katikati inatuama kwenye chuma chenye moto mkali. Oili ikikaa kwenye chuma chenye nyuzi karibu 300 inaanza kuungua na kuacha kaboni ngumu. Ni ukoko, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Siku moja haina neno. Lakini ukoko huo unajengeka siku hadi siku, unaziba tundu la oili, unakwangua beringi. Baada ya miezi utasikia mluzi usio wa kawaida, utaona moshi wa bluu, oili itakuwa inapungua bila kuvuja chini. Hapo fundi atasema tabo imekufa, na mwenye gari atadhani imekufa jana.

Injini ikiachwa ingurume taratibu bila kukanyagwa, joto la moshi linashuka hadi chini ya nusu ya lile la mlimani, kasi ya tabo inaanguka, na oili inaendelea kupita ikibeba joto kwenda nalo chini. Dakika moja hadi mbili zinatosha. Wajapani walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kutengeneza taima ya tabo, kisanduku kidogo chenye namba kinachoiacha injini ingurume kwa muda uliopangwa hata baada ya ufunguo kutolewa. Miaka ya 1980 na 1990 vilikuwa na umaarufu sana kwao, na baadhi ya magari ya mitumba yalifika kwetu yakiwa navyo. Wengi walivikata nyaya wakidhani ni alamu mbovu.

Hapa ndipo tuseme neno kuhusu ile tabia ya kupiga resi kubwa mara moja kabla ya kuzima, "vuuum," kisha ufunguo. Kwa gari lenye tabo hiyo ni kuipandisha ekseli kasi kisha kuinyima oili. Iachwe.

Vyuma viwili, tabia mbili

Injini nyingi zilizoko barabarani zina silinda hedi ya alumini iliyofungwa juu ya bloku ya chuma, na katikati yake kuna gasketi. Alumini na chuma havitanuki sawa. Chukua hedi yenye urefu wa sentimita 50, ipandishe nyuzi 100. Alumini itaongezeka milimita 1.15 hivi. Chuma cha urefu uleule kitaongezeka karibu nusu ya hapo. Gasketi iliyo katikati inavutwa huku na huku kila safari, na imetengenezwa kuvumilia hilo, mradi joto lipande na kushuka kwa utaratibu, na sawa sehemu zote.

Kinachoiua ni joto lisilo sawa: upande mmoja wa hedi umetokota kwa sababu maji yametuama na kugeuka mvuke, upande mwingine umepoa. Hapo hedi inajipinda. Na haihitaji kujipinda sana. Kwa injini nyingi, mpindo wa sehemu ya kumi ya milimita, yaani kama unene wa unywele, unatosha kuifanya isikae sawasawa. Maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na mwenye gari anaanza kuuza mbuzi.

Njia ya haraka kuliko zote ya kuharibu hedi ni kuimwagia maji ya baridi ikiwa ya moto. Ugweno, huko Pare ya Kaskazini, ilijulikana kwa uhunzi tangu kabla ya ukoloni. Ukoo wa Washana ulishika kazi hiyo, na vyuma vya Upare viliuzwa hadi kwa Wachaga. Hakuna mhunzi anayemwagia chuma cha moto maji ovyo. Anachagua wakati na namna ya kukipoza, kwa sababu anajua chuma kilichopozwa kwa kushtukizwa hubadilika, na kingine hupasuka. Lakini sisi tunasimama pembeni ya barabara, tunafungua boneti, tunamwaga ndoo nzima juu ya injini, halafu tunashangaa ufa. Kuosha injini kwa maji ya presha mara tu baada ya safari ni kosa hilohilo likiwa na sabuni.

Kwa hiyo tufanyeje?

Kazi kubwa inafanyika kabla ya kufika. Kilomita mbili za mwisho punguza mwendo, toa mguu kwenye mafuta, zima kiyoyozi. Upepo wa njiani unapoza vizuri kuliko kusimama na kungurumisha. Ukiingia mjini taratibu namna hiyo na gari lako ni dogo la petroli lisilo na tabo, kama IST, egesha na uzime. Huna la kusubiri.

Kama mlima umeishia mlangoni, au umetoka kwenye barabara kuu kwa mwendo mkali na kusimama ghafla, iache injini ingurume bila kuikanyaga. Gari la kawaida nusu dakika hadi dakika moja, lenye tabo dakika moja hadi mbili, lililobeba mzigo mzito na kupanda mlima mrefu hadi tatu. Zaidi ya dakika tano hupati faida yoyote, unachoma mafuta tu. Na fanya hivyo nje. Kamwe usingurumishe gari ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi una gesi ya kaboni monoksidi inayoua bila harufu.

Ukishazima na gari lina joto sana, fungua boneti kama ni salama kufanya hivyo. Hewa ya moto hupanda. Ipe njia ya kutokea. Upepo wa Same utakusaidia kuliko ndoo ya maji.

Angalia pia unaegesha juu ya nini. Kwenye ekzosi za magari mengi ya petroli kuna lile dumu ambalo mafundi huliita masega, la kusafishia moshi. Hufanya kazi likiwa na mamia ya nyuzi na huchukua muda mrefu kupoa. Ukiegesha juu ya majani makavu wakati wa kiangazi, iwe pembeni ya Mkomazi au karibu na shamba la mtu, majani yanaweza kushika moto wewe ukiwa umeshaondoka kupiga picha.

Na bodaboda? Pikipiki nyingi za abiria hazina rejeta. Zinapozwa na upepo wa mwendo tu. Kwa hiyo kuiacha ingurume imesimama hakuisaidii sana, maana upepo haupo. Dawa yake ni kuiendesha taratibu mita mia kadhaa za mwisho kisha kuzima, na kuegesha kivulini. Na wewe abiria shukia upande usio na ekzosi, kwa sababu bomba hilo linaunguza mguu hata pikipiki ikiwa imezimwa.

Gharama ya haya yote? Injini ndogo ya petroli ikinguruma bila kwenda hunywa lita 1 kwa saa au pungufu. Dakika 2 ni sehemu moja kwa 30 ya saa. Lita ikiwa shilingi 3,000, umetumia shilingi 100. Hata ukizidisha mara mbili kwa gari kubwa, ni pipi chache.

Mshale ukifika kwenye nyekundu

Hapa kanuni inabadilika, na ni vizuri kuzitenganisha hali mbili. Kama mshale umeanza kupanda lakini maji bado yapo na feni inafanya kazi, simama mahali salama, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho ingawa utatoka jasho, na uiache injini ingurume. Hita ni rejeta ndogo. Inatoa joto kutoka kwenye injini na kulileta kwenu. Mshale ukianza kushuka, mmepona.

Lakini ukiona mvuke, au maji yamemwagika, au taa ya oili imewaka, au dakika moja imepita mshale haushuki, zima mara moja. Kungurumisha injini isiyo na maji ni kuchoma chungu kikavu. Wachukuzi wa joto hawapo, na kila sekunde ya moto inaongeza hasara.

Ukishazima, usiguse mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yako juu ya nyuzi 100 na hayachemki kwa sababu tu presha imeyabana. Ukiufungua, presha inaondoka na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Mvuke huo unatokea kwenye tundu dogo ambalo uso wako umeinama juu yake. Watu wameungua uso na mikono hivi, wengi wakiwa wasaidizi wenye nia njema. Subiri nusu saa au zaidi, hadi bomba la juu la rejeta liwe unaweza kulishika. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa kinene, zungusha kidogo, acha ipumue, halafu ndipo utoe. Ongeza maji kidogo kidogo.

"Magari ya siku hizi hayahitaji hayo"

Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Tabo nyingi za kisasa zinapitishiwa maji ya rejeta, na mabomba yake yamepangwa ili maji ya moto yapande na ya baridi yashuke yenyewe hata pampu ikisimama. Baadhi ya magari yana feni au pampu ya umeme inayoendelea dakika kadhaa baada ya kuzima. Ukiisikia, usiite fundi. Oili za siku hizi nazo huvumilia joto kuliko za zamani.

Lakini mhandisi aliyebuni hayo alidhani mambo fulani: kwamba ndani kuna kulanti, mfuniko unabana, feni inazunguka, na thamostati ipo. Magari yetu mengi yamefika mkono wa tatu. Kulanti ilishabadilishwa kuwa maji ya bomba. Thamostati ilishatolewa na fundi wa mtaani aliyesema "hii kwetu haihitajiki, huku hakuna baridi." Aende Mbaga alfajiri ya Julai akaone. Na hata penye joto, thamostati ina kazi. Bila hiyo injini inachelewa kufikia joto lake sahihi na inachakaa haraka, na kwa injini nyingi thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka humohumo kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka lipoe linachemka mlimani.

Kwa hiyo gari la kisasa lisilotunzwa limerudi kuwa gari la zamani, isipokuwa vipuri vyake ni ghali zaidi.

Dakika mbili kwenye ratiba

Lawama hii haimwangukii dereva peke yake. Sisi abiria ndio tunaomharakisha. Kwenye safari za mafunzo kwa vitendo, kikundi kimekodi gari, kimechelewa kutoka, mwenyeji anasubiri juu mlimani, na kila mtu anataka gari lizimwe ili hotuba ya ukaribisho isikike. Dereva si mwenye gari. Anaogopa kugombana na wateja. Anazima.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa viongozi wa safari wa idara zote, hasa wanaojiandaa kupanda Shengena au kutembelea wakulima wa tangawizi huko Mamba. Mkipanga ratiba, baada ya kila mpandano mrefu wekeni dakika tatu za kushuka na kujinyoosha kabla mwenyeji hajaanza kuzungumza. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mwombeni dereva awaonyeshe kiwango cha maji na oili, na kagueni mpira wa mfuniko wa rejeta kama haujapasuka. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Na mkifika juu, kabla hamjamwambia azime, muulizeni kwanza: "Suka, imeshapumua?"